Wavu wa Kuvulia Mawingu

Bologna, nchini Italia, palikuwa na kiwanda cha tumbaku kilichochorwa na Pier Luigi Nervi, bingwa wa zege wa zama zake. Tumbaku ikaisha, kiwanda kikafungwa, na sasa kwenye eneo lake zinavuma kompyuta za ECMWF, kituo cha nchi za Ulaya kinachotabiri hali ya hewa ya dunia nzima. Kajaani, nchini Finland, kompyuta kuu iitwayo LUMI imewekwa palipokuwa na kiwanda cha karatasi. Barcelona nako, kwa miaka mingi MareNostrum ilikaa ndani ya kanisa lililokwisha kuacha kusaliwa, kwenye kizimba cha vioo, pale pale waumini walipokuwa wakipiga magoti.

Wanaozuru majengo hayo husifu jinsi yalivyopewa uhai mpya. Mimi hunijia fikra nyingine. Mchambua tumbaku aliyejua daraja la jani kwa kulisugua kati ya vidole hayupo tena, na sidhani kama yupo aliyemuuliza alilijuaje. Mashine zilizorithi nyumba yake nazo zina mafundi wao. Ufundi wa yule wa kwanza ulikufa kiwanda kilipofungwa, jambo linaloeleweka. Huu wa pili unaanza kusahaulika huku kiwanda kikizidi kupanuliwa, na hilo ndilo linalonikera.

Tumezoea kusimuliwa kompyuta kuu kwa ukubwa wake tu. Mwaka 2022 tuliambiwa kwamba Frontier, iliyoko Oak Ridge nchini Marekani, imevuka hesabu bilioni moja za bilioni kwa sekunde. Msomaji anashangaa, anageuza ukurasa, na hajajifunza kitu. Hajaambiwa hesabu hizo zinahesabu nini, nani aliamua zihesabiwe hivyo, na nini kiliachwa nje. Ufundi wenyewe umo katika hayo matatu.

Afadhali tuanze na mashine ambayo alama za mikono bado zinaonekana juu yake. Mwaka 1978 kituo cha ECMWF, wakati huo kompyuta zake zikiwa Reading, Uingereza, kilipokea Cray-1. Seymour Cray aliijenga Chippewa Falls, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, na akaipa umbo la herufi C. Umbo lile halikuwa pambo. Umeme una kasi, lakini nao huchukua muda wake njiani, na waya ukirefuka jibu huchelewa. Basi Cray akaipinda mashine ili sehemu zinazosemezana zikaribiane, na ndani yake hapakuwa na waya uliozidi kiasi cha mita moja na robo. Nyaya zile ziliungwa kwa mkono, na wengi wa waliozishika walikuwa wanawake, wakikaa mbele ya msitu ule wa nyuzi kuunganisha ncha moja baada ya nyingine, kwa sababu hakuna mashine iliyoweza kuviamini vidole vyake kama wao walivyoviamini vyao. Chini, kuzunguka miguu yake, palijengwa benchi lenye mito lililoficha mitambo ya umeme, hata mtu angeweza kukaa na kuegemea. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani tano, na bado simu iliyoko mfukoni mwako inaipita kasi kwa mbali.

Kwa mashine hiyo, Agosti 1, 1979, watu wa ECMWF walianza kutoa utabiri wao rasmi wa siku kadhaa mbele. Macho ya wavu wao yalikuwa na upana wa kama kilomita 200.

Nasema wavu makusudi, maana mvuvi wa Ziwa Victoria ataielewa kazi hii kabla ya mhandisi. Anga haihesabiki yote. Modeli huifunika dunia kwa miraba, tabaka juu ya tabaka hadi juu kabisa, na katika kila jicho huandikwa joto, unyevu, upepo na mgandamizo wa hewa. Kilicho kikubwa kuliko jicho hunaswa, na kilicho kidogo hupita. Wingu la mvua ya radi lina upana wa kilomita chache tu. Kwenye wavu wa kilomita 200, wingu hilo ni dagaa ndani ya jarife.

Mtu atauliza, si wapunguze macho? Hupunguzwa, lakini kwa bei kali. Ukilipunguza jicho kwa nusu, idadi ya macho inakuwa mara nne, na hatua za muda nazo lazima zikatwe nusu ili hesabu isivurugike, kwa hiyo kazi inakuwa mara nane. Ndiyo maana tangu ile Cray-1 hadi leo, baada ya miongo zaidi ya minne na fedha zisizo na idadi, wavu wa kila siku wa ECMWF umefika kilomita 9. Kule Frontier, modeli iitwayo SCREAM imeendeshwa kwa kilomita 3 na kidogo kwa dunia nzima, na watu wakaipa tuzo mwaka 2023. Sioni ubaya wa tuzo. Ila yale yanayopita machoni hata hapo bado ni mengi, na fundi hupimwa kwa anachofanya na yaliyopita. Akiangalia joto na unyevu ulionaswa, anakadiria ni mawingu mangapi yamemponyoka na yamebeba mvua kiasi gani, kisha anayaandika makadirio hayo kwenye programu, mstari kwa mstari, mara nyingi kwa Fortran, lugha ambayo vijana huicheka. Makadirio yakiwa ya kizembe, wavu wa macho madogo hautamwokoa.

Aliyeufuma wavu wa kwanza hakuwa na mashine yoyote. Lewis Fry Richardson alikuwa Mwingereza wa madhehebu ya Quaker, watu wasioshika silaha, na Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto alijitolea kuendesha gari la wagonjwa huko Ufaransa. Baina ya safari na safari ya kubeba majeruhi, alikaa juu ya lundo la majani makavu kwenye banda la baridi, akihesabu. Alichukua vipimo vya Ulaya ya kati vya saa moja asubuhi, Mei 20, 1910, akataka kujua mgandamizo wa hewa ungebadilikaje kwa saa sita zinazofuata. Saa sita hizo zilimchukua wiki sita. Mswada wake ukapotea wakati wa mapigano ya Champagne, Aprili 1917, ukaja kuonekana miezi kadhaa baadaye nchini Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe.

Na jibu lilikuwa baya. Hesabu ilisema mgandamizo ungepanda kwa milibari 145, kitu kisichopata kutokea kwa saa sita mahali popote. Siku yenyewe haukubadilika karibu hata kidogo. Mwingine angeuacha mswada kwenye makaa. Yeye akauchapa mwaka 1922, kosa na hatua zake zote, tarakimu kwa tarakimu, ili atakayekuja aone palipoteleza. Akaja Peter Lynch wa Ireland, miongo mingi baadaye, akairudia hesabu ile ile. Akakuta njia ya Richardson ilikuwa sawa. Kilichoiharibu ni vipimo vya kuanzia: upepo na mgandamizo havikuwa vimepatanishwa, na hitilafu ndogo baina yao ikazaa mawimbi ya uongo yaliyolivimbisha jibu. Lynch alipovituliza vipimo kwanza, utabiri ukatoka wa maana. Hadi leo, kuvipatanisha vipimo kabla ya kuanza ni moja ya kazi nzito kuliko zote katika kituo cha utabiri, na ni ya kwanza kusahauliwa na wanaosifu kasi.

Ndani ya kitabu kile Richardson aliweka ndoto yake. Aliona ukumbi wa duara, ramani ya dunia imechorwa kutani, watu 64,000 wakihesabu kila mmoja kipande chake cha anga, na katikati, juu ya nguzo, msimamizi akiwamulika kwa mwanga wa waridi waliotangulia na kwa mwanga wa buluu waliobaki nyuma. Ondoa watu uweke vichakataji, na hiyo ndiyo kompyuta kuu ya leo. Hata kero ya wanaotangulia na wanaochelewa imebaki ile ile. Wahandisi wa Bologna hupoteza usingizi kwa ajili yake.

Mwaka 1950 Jule Charney na wenzake walipoitumia kompyuta ya ENIAC, huko Maryland, utabiri wa saa 24 uliwachukua karibu saa 24 kuukokotoa, yaani walikuwa wakienda sambamba na jua. Klara von Neumann ndiye aliyewaonyesha jinsi ya kuiandikia mashine ile programu, na jina lake hutajwa kwa nadra. Walimpelekea Richardson matokeo. Mzee akazipanga ramani mezani, akamwita mkewe Dorothy, akamtaka aseme ni ipi inayofanana zaidi na hali iliyotokea kweli: ya mashine, au ile ya kudhani kesho itakuwa kama leo. Bibi akaipa mashine ushindi mwembamba. Naupenda mtihani ule wa mezani kuliko majedwali yote ya usahihi yaliyoandikwa baadaye. Macho ya mtu asiye na hisa katika kazi ile ndiyo yaliyoulizwa kama wavu umevua.

Baada ya hapo majina huwa mengi, nami nitachukua matatu. Norman Phillips aliendesha mwaka 1956 modeli ya kwanza ya mzunguko wa hewa duniani, nayo ikaenda vizuri kwa kama mwezi mmoja wa kuhesabu, kisha tarakimu zikarukwa na akili. Akajaribu kukata hatua za muda, haikusaidia. Akio Arakawa, aliyetoka Japani akahamia Los Angeles, hakuomba mashine yenye nguvu zaidi. Alikaa na milinganyo ile hadi akapata namna ya kuiandika ambayo jicho moja likimpa jirani nishati, nishati hiyo haizaliani njiani. Alichapisha mwaka 1966, na mawazo yake yamo ndani ya modeli zinazoendeshwa usiku huu. Mwenzake Syukuro Manabe, Mjapani mwingine aliyefanya kazi Marekani, aliacha dunia nzima akachukua safu moja tu ya hewa, kutoka ardhini hadi juu, akauliza ingepata joto kiasi gani kama hewa ya ukaa ingeongezeka mara mbili. Mwaka 1967 alijibu: kama nyuzi 2.3. Mashine zimekua kupita kiasi tangu siku hiyo, na jibu lile bado halijatupwa. Alipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2021, akiwa na miaka 90, kwa kazi ambayo msingi wake ulikuwa kujua cha kuacha.

Sisi wa upande huu wa bahari tuna sababu zetu za kuuheshimu ufundi huu. Aprili 15, 1872 kimbunga kiliishukia Unguja bila taarifa, kikang'oa mikarafuu na minazi kwa maelfu na kuvunja vyombo vya Sultan Barghash bandarini, huku Pemba ikinusurika. Manahodha wa wakati ule walikuwa mabingwa. Walihesabu miongo, yaani siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua, wakajua siku ya kutweka na siku ya kutia nanga, ila kimbunga hakikuwamo kwenye hesabu yao. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikija kuelekea Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwishatoa tahadhari, na vyombo vikazuiwa kutoka. Watu walilalamika siku ile kwa kukosa kivuko. Hiyo ni haki yao.

Au tuitazame Bahari ya Hindi yenyewe. Mwaka 1999 watafiti Saji, Yamagata na wenzao walieleza kwamba kuna miaka ambayo maji ya upande wa Sumatra hupoa na ya upande wetu hupata joto, na mvua hufuata joto. Ndiyo miaka ya vuli inayovunja madaraja. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, Tanganyika ikielekea uhuru, mvua ikaanza kulijaza Ziwa Victoria hadi likapanda zaidi ya mita mbili kwa miaka michache. Huko Yokohama Wajapani walikuwa wamejenga Earth Simulator, iliyoongoza dunia kwa kasi tangu 2002 hadi 2004, na kwa mashine hiyo watafiti waliona mapema dalili za hali hiyo ya mwaka 2006. Vuli ya mwaka huo Kenya na Somalia zilifurika. Hapo tena si kasi peke yake iliyofanya kazi. Modeli iliunganisha bahari na anga, vikawa vinajibizana, na kuvifanya vijibizane bila kimoja kukipotosha kingine ni kazi ya miaka.

Lakini mahali ninapopapenda ni ziwani. Mchana, Ziwa Victoria hupuliza upepo kuelekea nchi kavu, na mvua hunyesha kwenye vilima vya pembeni. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, upepo hutoka Musoma, Kisumu na Entebbe ukakutana katikati juu ya maji yenye joto, hewa nzito ya unyevu ikapanda, na usiku wa manane radi hupasuka juu ya mitumbwi iliyowasha taa kuvutia dagaa. Wavuvi kwa mamia hufa kwenye ziwa hilo. Sasa fikiria wavu wa mwaka 1979. Ziwa lote, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lilikuwa halijazi hata macho mawili. Ili pepo zikutane katikati, ni lazima kwanza pawe na katikati. Wavu wa kilomita 9 unalipa macho kama 850. Ule wa kilomita 4.4, ambao Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza imekuwa ikiutandaza Afrika Mashariki, unalipa zaidi ya 3,500, na humo radi ya usiku huonekana ikizaliwa. Baadaye walilitandazia bara zima wavu wa kilomita 4.5, miaka kumi ya sasa na miaka kumi ya mwisho wa karne hii. Wavu huo ukaonyesha ambacho nyavu za macho makubwa zilikuwa zikikiponyosha: mvua za kupasua zitazidi nguvu kuliko tulivyodhani, na ndani ya msimu huo huo wa mvua, vipindi vya ukame vitarefuka.

Kabla ya mashine kuona kitu, hata hivyo, mara nyingi kuna mtu aliyekiona. Mwaka 1982 wataalamu Kinuthia na Asnani walichapisha habari za mkondo wa upepo mkali unaopita chini chini kaskazini mwa Kenya, kwenye mlango ulioachwa na nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, kuelekea Ziwa Turkana. Waliupata kwa maputo, yakifuatwa kwa macho yakipanda. Modeli za macho makubwa zilikuwa zimeisawazisha ile milima miwili, na mlango ukazibwa bila mtu kuuziba. Leo mitambo 365 ya umeme wa upepo inazunguka Loiyangalani kwa upepo huo huo, na wataalamu wanajua kwamba ndio unaobeba unyevu wa Bahari ya Hindi ukaupitisha juu ya watu wenye kiu. Mwaka 2021 watafiti walirudi Marsabit kurusha maputo tena. Wakakuta mkondo una nguvu kuliko inavyosema kumbukumbu kubwa ya kompyuta ambayo dunia yote huirejea. Miaka 39 baada ya Kinuthia, puto lilikuwa bado na neno la kuiambia mashine.

Nilipata kumtazama mpima hali ya hewa mmoja kwenye kituo cha pwani, mzee aliyekaribia kustaafu, akifanya kazi yake ya saa tatu asubuhi. Alikwenda kwenye kile kibanda cheupe cha mbao chenye kuta za vipande vilivyoinamishwa kupitisha hewa, akafungua mlango, akainama hadi jicho lake likawa sawasawa na zebaki. Alisoma desimali kwanza, akaiandika, ndipo akasoma nyuzi kamili. Nikamuuliza, mzee, mbona unaanza na mkia?

"Pumzi yako ina moto, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Ukikawia hapo, unapima mdomo wako."

Akabonyeza kitambaa cha kipimajoto cha majimaji kuona kama kimelowa sawa, kisha akaenda kwenye kipimamvua. Usiku ule mvua haikunyesha, na yeyote aliyelala mji ule alijua. Hata hivyo aliitoa chupa ya ndani, akaiinamisha juu ya glasi ya vipimo, akatazama, akaandika sifuri. Nilidhani anajisumbua. Akanionyesha rejista ya zamani yenye safu iliyoachwa tupu, akasema sifuri maana yake mtu alikuja akatazama. Tupu maana yake hakuja mtu, na anayesoma miaka hamsini baadaye lazima ajue ni ipi. Kisha akaketi kuzigeuza tarakimu zake ziwe makundi ya namba tano tano. Kila kituo kina namba yake. Mombasa, kwa mfano, ni 63820. Ujumbe hupitia Nairobi ukaingia kwenye mkondo wa dunia, na kabla ya adhuhuri mgandamizo uliosomwa na mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi umo ndani ya mashine ya Bologna, ukipatanishwa na satelaiti. Mvua yake nayo hubaki kuwa kipimo cha kuihukumu modeli ilisema kweli au ilisema uongo.

Hukumu hiyo inahitajika sana kwetu. Modeli nyingi zinasema masika ya Afrika Mashariki yataongezeka dunia ikizidi joto. Vipimo tangu miaka ya 1980 vilionyesha kwa muda mrefu masika yakipungua. Wataalamu wameligeuza fumbo hilo huku na huku, na mwamuzi wake ni hizo rejista. Nimeziona baadhi kwenye stoo ya ofisi moja, zimefungwa kamba za katani, mchwa wameanza na jalada. Huduma ya hali ya hewa ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika tangu 1929. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikachukua chake, na karatasi hazina mtetezi kwenye mgawanyo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linasema vituo vya ardhini barani Afrika ni sehemu moja ya nane tu ya vinavyotakiwa kwa uchache. Kati ya 2015 na 2020, maputo ya vipimo yanayorushwa barani yalipungua hadi karibu nusu. Wala si umaskini peke yake: Februari 2025, Kotzebue, Alaska, katika nchi yenye kompyuta kuu kuliko zote, walisimamisha kurusha maputo kwa upungufu wa watu.

Wakati huo huo tunasherehekea akili mnemba. GraphCast, iliyotangazwa mwaka 2023, hutoa utabiri wa siku kumi chini ya dakika moja, kwenye mashine moja, bila kukokotoa mlinganyo hata mmoja wa Richardson. Inafanya vizuri, na mara nyingi huipita modeli ya zamani. Sitakuwa mkaidi wa kulikana hilo. Lakini ilijifunza wapi? Ilisomeshwa kwa ERA5, ile kumbukumbu kubwa niliyoitaja, iliyokokotolewa na ECMWF kwa modeli ile ile ya mafundi na kwa vipimo vya watu kama yule mzee, tarehe kwa tarehe. Na palipokosekana vipimo, modeli ilijaza yenyewe. Kwa hiyo pale kituo kinapofungwa, kumbukumbu haionyeshi pengo. Inaonyesha namba safi, yenye desimali, na mwanafunzi wa mashine anaimeza pamoja na zile zilizosomwa kwa macho. Hakuna safu tupu ya kumshtua. Anga ya juu ya Tabora au Marsabit inakuwa ile ambayo mtu wa mbali aliikadiria, na wavu unaofuata unafumwa juu ya makadirio hayo.

Mzee yule amekwisha kustaafu. Kituo kimewekewa mtambo wa kujiendesha, mzuri, wenye paneli ya jua, unaotuma vipimo kila baada ya dakika chache, mara nyingi kuliko alivyoweza yeye. Nilipopita mara ya mwisho ilikuwa katikati ya masika, barabara imejaa maji, na ndege walikuwa wamejenga ndani ya faneli ya kipimamvua. Mtambo ulikuwa ukituma sifuri. Nilimuuliza kijana wa ofisini nani anapanda kusafisha, akanijibu kwa heshima kwamba kazi hiyo ilikuwa ya yule mzee, na nafasi yake imewekwa kwenye maombi ya bajeti ijayo.